Plagi Iliyoyeyuka Makambako

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Saa nane usiku, mwezi wa saba, Makambako, baridi ile ya kujifunika mablanketi mawili na bado ukalala umejikunja kama jongoo. Kabla sijaelewa ninanusa nini, mlango uligongwa, na mama mwenye gesti akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuwaamsha wageni wengine: "Baba, hebu toka. Gari lenu linaniunguzia nyumba."

Nilitoka na blanketi begani. Uani, chini ya dirisha la jiko, shemeji alikuwa ameshachuchumaa, simu yenye tochi ameibana kwa meno. Gari lenyewe halikuwa na neno. Lilikuwa limetulia pale na umande wake, taa ndogo ya buluu kwenye dashibodi inakonyeza. Kilichokuwa kinaungua ni plagi, ile nyeupe ya pini tatu inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme. Ilikuwa imelainika kama mshumaa, pini moja imegeuka rangi ya chai ya rangi, na kwenye soketi ukutani pameota doa jeusi.

"Shem," akaniambia bila kugeuka, "hili usiliandike."

Naliandika kwa sababu ndilo jambo kubwa nililojifunza katika safari nzima.

Nilikuwa nimefika jioni ya siku hiyo kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis. Tuliondoka alfajiri, tukapita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, tukapanda Kitonga nyuma ya malori yanayopumua kama ng'ombe waliochoka, Iringa, Mafinga, ndipo Makambako. Njiani nilijipa kazi ya kuhesabu sheli upande wa kushoto. Nilichoka hata Morogoro sijaimaliza. Kituo cha kuchaji gari sikukiona hata kimoja, na sikutegemea kukiona. Niliitwa na shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ni bwana shamba wa parachichi. Alikuwa ameagiza Nissan Leaf ya mtumba kutoka Japani, zile za mwanzo zenye betri ya uniti 24, na akanipigia simu kwa furaha ya mtu aliyeoa: njoo, twende nayo Njombe, uone gari lisilojua sheli.

Anayeijua barabara ya TANZAM, hii iendayo Zambia, anayajua magari ya IT, yale yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa moja kwa moja hadi Tunduma, kisha Zambia au Kongo. Dereva hujaza tangi, hubeba abiria wawili watatu kwa siri, na kesho yake yuko mpakani. Leaf ya shemeji haikuweza kuja hivyo. Ingezimika kabla ya kuimaliza njia ya Morogoro. Ilipanda mgongoni mwa lori la kubebea magari kama mgonjwa, na ilipofika Makambako watu wakamuuliza, "Mbona gari zima limebebwa?" Hakuwa na jibu fupi.

Kwa nini mji huu, na siyo Mafinga au Igawa? Kwa sababu Makambako ni njia panda. Barabara kuu inakwenda Mbeya na mpaka wa Zambia. Tawi la kusini linakwenda Njombe, kilomita 60 hivi, na kuendelea hadi Songea. Reli ya TAZARA ina stesheni hapa. Kila kinachopanda nyanda za juu kusini au kushuka kutoka huko husimama Makambako: kula, kulala, kubadilisha tairi, kuuza viazi, kugombana na utingo. Mji haukuanzishwa na madini wala na mfalme. Umetengenezwa na watu waliosimama.

Na nishati ya magari imepita hapa kwa kila sura. Novemba 1965 Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini. Petroli na dizeli ikabidi zipite kwetu, ndani ya mapipa, juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyobatizwa kwa Kiingereza jina la mbio za jehanamu. Malori yalipinduka, mapipa yakawaka. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Miaka ya sabini ikaja reli, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kisha umeme: kituo cha kupoza umeme cha Makambako, na kutoka hapo laini ya kilovolti 220 kupitia Madaba hadi Songea, iliyojengwa kwa fedha za Tanzania na Sweden na kukamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo Songea ilikuwa ikiwashwa zaidi na majenereta ya dizeli, na dizeli hiyo ilipanda kwa malori kupitia njia panda hii hii. Yaani lori lilichoma dizeli kupeleka dizeli ikachomwe.

Ndiyo maana nilicheka mwenyewe gizani, nikiwa nimeshika plagi iliyoyeyuka. Nguzo kubwa za laini hiyo zinapita nje ya mji huu. Umeme upo. Uliokosekana ni ule wa mita tano za mwisho.

Asubuhi akaja fundi, kijana mpole wa Kibena aliyetusalimu "Kamwene" na kuichunguza plagi kama daktari anayetazama ulimi. Waya wa kuchajia uliokuja na gari ni wa Japani, umetengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, na kichwa chake hakifanani na soketi zetu. Huko Dar es Salaam mtu alikikata kichwa hicho akafunga plagi yetu ya pini tatu. Plagi hiyo ni ya ampea 13.

"Birika la chai nalo linavuta karibu ampea hizo hizo," fundi akasema. "Ila birika linachemka dakika tatu, unalizima. Hili gari lenu ni birika linalochemka saa nane."

Sijasoma maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu kuchaji gari nyumbani. Soketi za nyumba zetu zimezoea mizigo mifupi: pasi, birika, heta ya kuogea. Kitu kinachovuta kilowati tatu usiku kucha bila kupumzika kinatafuta penye udhaifu, na udhaifu huwa ni pale waya unapogusana na skrubu iliyolegea. Dawa haikuwa ghali kupindukia. Fundi alitaka breka ya peke yake kwenye boksi kuu, waya mnene wa kwenda uani, na soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 32 pamoja na plagi yake, zile za duara zenye kifuniko ambazo wachomeleaji wanazijua. Tatizo lilikuwa njia ya kupitishia huo waya. Mwezi mmoja kabla, mama alikuwa ameupamba ua wote kwa pevingi.

"Nimemaliza kulipa juzi," akasema, mikono kiunoni. "Sasa mnanichimbia?"

"Mama, tutazirudisha," shemeji akasema.

"Mtazirudisha zikiwa zima?"

Shemeji akanitazama mimi, nami nikautazama mlima.

Fundi akamwita mwenzake, wakachimba. Wakati wanachimba, mama aliniita kaunta tukae tuongee bei, kwa kuwa jana alikuwa ametoza chumba tu, na sasa alikuwa ameamka kibiashara. Alitaka kujua gari linakula uniti ngapi. Nikamwambia likiwa tupu kabisa kama 18, maana betri yake imezeeka, pamoja na zinazopotea njiani. Akachukua kalamu. Uniti moja kwenye LUKU yake, kodi zote zikiwemo, ilikuwa shilingi 356. Akazidisha: 6,408. Akafikiri kidogo, akaandika 10,000 na kuizungushia duara.

"Na usingizi wangu," akasema.

Nikamlipa. Lita moja ya petroli mwaka huo wa 2025 ilikuwa ikicheza karibu na shilingi elfu tatu, na kwa lita tatu na kitu zinazonunuliwa na elfu kumi, gari dogo la kawaida lingefika Njombe kwa kubahatisha.

Tulitoka saa tano na betri iliyokuwa imekaribia kujaa kabla plagi haijayeyuka. Nitasema kweli: gari la umeme kwenye barabara ile ni raha. Halina mngurumo, na Makambako ni mji wa upepo: unausikia ukipiga mabati ya maduka, sauti ambayo injini huwa inaimeza. Upepo huo una watu wanaoutaka. Mradi wa Miombo Hewani umepanga mitambo ya upepo ya megawati 100 hapa. Kwa sasa upepo huo unapeperusha vumbi na mifuko ya rambo.

Raha hiyo inakaa na hofu ndani ya kiti kimoja. Dashibodi ya Leaf ina vijiti 12 vya kuonyesha afya ya betri. Ya shemeji ilikuwa imebakiza tisa. Hatukuwasha heta, kwa kuwa heta ingekula kilomita. Tulivaa makoti. Kila mlima uliponyanyuka, shemeji aliondoa mguu taratibu na kuacha kuongea, na kila tulipoteremka namba ya kilomita ikaongezeka kidogo naye akarudia kusema habari za ng'ombe wake. Gari la umeme likishuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama malori.

Yalikuwa yanakuja kutoka Njombe yamejaa viazi, magunia ya lumbesa yamefungwa kamba mpaka yakafura. Mbao, nguzo za umeme, parachichi, viazi: karibu kila kitu cha Njombe kinateremka. Mji uko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mzigo wake mwingi unakwenda pwani. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mama. Lori la tani 30 likishuka mita 1,900 linaachia nguvu ya uzito sawa na uniti 155 za umeme. Leo nguvu hiyo inaishia kwenye breki na injini inayonguruma kule Kitonga, unanusa harufu yake ukiwa ndani ya basi. Si zote zingerudi kwenye betri; njia ina mabonde na milima, tairi na upepo vinakula sehemu kubwa. Ila hata robo yake inatosha kuijaza mara mbili betri iliyozeeka ya gari tulilopanda. Huko kaskazini mwa Sweden, treni za madini ya chuma zikiteremka kutoka Kiruna kwenda bandari ya Narvik, Norway, hurudisha umeme kwenye nyaya, na umeme huo husaidia kuyapandisha mabehewa matupu. Ukikumbuka kwamba Liganga na chuma chake iko Ludewa, mkoa huu huu wa Njombe, huo mfano unaacha kuwa hadithi ya Wazungu.

Tuliingia Kibena na asilimia 28. Mashamba ya chai upande huu, miwati upande ule. Shemeji akapumua kama aliyetoka kwenye mtihani.

Njombe hatukwenda gesti. Tulikwenda karakana ya kuchomelea mageti, ya rafiki yake. Mchomeleaji hakushangaa hata kidogo. Yeye ana umeme wa fezi tatu, ana soketi za buluu ukutani, ana waya mnene kama kidole gumba. Akatuuliza tunavuta ampea ngapi, tukamwambia 15, akacheka: "Hiyo si kazi." Akachomeka, akarudi kwenye geti lake. Kwa hiyo wale wanaouliza vituo vya kuchaji vitaanzia wapi, karakana za uchomeleaji zipo kila mji wa nchi hii, zimeshalipia waya, na mafundi wake hawaogopi umeme.

Tulikaa saa tatu. Ndani ya saa hizo bodaboda walikuja mmoja mmoja, kama inavyokuwa. Wakalizunguka gari, wakachungulia chini kutafuta ekzosi. Swali lao la kwanza halikuwa la bei wala mwendo. Lilikuwa: "Likiisha njiani, unafanyaje?" Mwendesha boda hawezi kukaa saa tatu karakanani akisubiri, saa tatu ni chakula cha nyumbani. Niliwaeleza jinsi wenzao wa Kigali wanavyofanya. Kampuni ya Ampersand tangu 2019 inakodisha betri: unafika na iliyokwisha, unaiacha, unafungiwa iliyojaa, unaondoka. Mmoja wao, aliyefunika uso mzima kwa baridi isipokuwa macho, akalimaliza kwa neno moja: "Kama mtungi wa gesi." Hasa. Hakuna anayesubiri mtungi wake mwenyewe ujazwe.

Akauliza lingine gumu zaidi, na hilo sikulijibu vizuri. Betri za kampuni hii zitaingia kwenye pikipiki ya kampuni ile? Mitungi ya gesi inatofautiana rangi, lakini jiko ni lile lile. Kwa betri mambo hayako hivyo. Na kwa magari ni vurugu zaidi. Tundu la kuchaji haraka la Leaf ni la mtindo wa Kijapani, CHAdeMO. Ulaya wanatumia CCS. Wachina wana GB/T yao. Sisi mitumba yetu inatoka Japani, na magari mapya ya umeme yanazidi kutoka China. Anayetaka kusimika mashine ya kuchaji haraka njia panda ya Makambako leo aweke mdomo upi? Maoni yangu: asiweke mashine ya haraka kwanza. Aweke soketi za buluu kumi na kijana wa kuzilinda. Gari lolote lenye waya wenye plagi inayoingia humo litachaji hapo, Mjapani kwa Mchina, na mashine ya mamilioni mengi itasubiri Shirika la Viwango liseme neno moja linaloeleweka.

Hapo karakanani ndipo nilipoanza kuelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Kiwanda cha TANWAT pale Kibena, kilichoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, kina mtambo wa umeme unaochoma mabaki ya miti, megawati 2.5. TANESCO nayo ina mtambo mdogo wa maji kule Uwemba, haufiki megawati moja. Kwa mji huu hivyo si vitu vidogo. Sasa huko duniani malori makubwa yametengenezewa plagi mpya, ambayo kikomo chake ni megawati 3.75 kwa lori moja. Lori moja la semi, kwenye plagi moja, linaweza kuinywa TANWAT na Uwemba kwa pamoja na bado likabaki na kiu. Mkandarasi akikuletea picha ya kituo hicho chenye paa la kioo, muulize transfoma iko wapi.

Kuna njia mbili za kulikwepa hilo, na zote tunazijua kutoka majumbani.

Ya kwanza ni simtanki. Maji ya bomba yanatoka kwa matone, lakini ukioga unafungua bomba lote, kwa sababu simtanki lilijazwa polepole usiku. Wanorway walifanya hivyo kwa meli. Kivuko chao cha Ampere kilianza kazi mwaka 2015 kati ya Lavik na Oppedal, kinabeba magari 120, kinatumia betri tupu bila tone la dizeli. Kikifika gatini kina dakika kumi tu za kuchaji kabla ya kuondoka tena. Vile vijiji vya pande mbili umeme wake ulikuwa dhaifu. Kivuko kingeviacha gizani kila kikichomekwa. Basi wakaweka betri kubwa nchi kavu, kila upande moja. Ile ya nchi kavu inajazwa taratibu kutoka kwenye gridi ya kijiji, na kivuko kikifika kinamiminiwa kwa kishindo. Simtanki la umeme.

Nilipomweleza mchomeleaji, akaniuliza kama meli yetu nayo itafanyiwa hivyo. Meli yetu ni MV Njombe. Wengi wa pwani hawajui kwamba mkoa huu wa baridi na viazi una pwani yake: Ludewa inashuka hadi Ziwa Nyasa, kwenye bandari za Lupingu na Manda, na MV Njombe, ya tani 1,000, iliyojengwa kule Itungi pamoja na dada yake MV Ruvuma, inabeba mizigo ziwani tangu 2017. Sidhani kwamba meli ya tani elfu inayolifuata ziwa kwa urefu wake itakwenda kwa betri karibuni. Kivuko cha Norway kinavuka kwa dakika ishirini. Nyasa ni ziwa la siku nzima, na mawimbi yake hayana adabu. Meli kama hiyo inaweza kuanza na jambo dogo: ikiwa imefungwa gatini, izime jenereta, ichomekwe umeme wa nchi kavu kwa ajili ya taa, pampu na majokofu. Mitumbwi ndiyo ya kuanzia kwa betri. Kule Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Asobo inawakodisha wavuvi mashine za umeme za mitumbwi. Mvuvi anatoka usiku, anarudi asubuhi, betri inachajiwa mchana. Lupingu wavuvi wana saa hizo hizo.

Njia ya pili ya kukwepa megawati ni kulala. Hii ndiyo Makambako inayoiweza kuliko Norway. Madereva wa malori tayari wanalala hapa. Lori lenye betri ya uniti 400 likichajiwa kwa saa nane linahitaji kilowati 50 tu. Malori kumi yaliyopangwa maegeshoni, madereva wamelala, ni nusu megawati, mzigo wa transfoma moja ya kiwanda cha wastani. Na ni mzigo wa usiku, wakati viwanda vimefungwa na nchi ina umeme wa kugawa. Machi 2024, muda mfupi baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuwashwa, TANESCO ilitangaza kuzima mitambo ya vituo vitano vya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Sasa mitambo yote tisa ya bwawa hilo imekamilika, megawati 2,115. Kenya tangu 2023 ina bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, na usiku inashuka hadi nusu. Sisi bei ya saa nane usiku ni ile ile ya saa mbili usiku. Mama wa gesti angekuwa na bei ya usiku, asingenitoza usingizi wake.

Msomaji ataniambia watu wa Makambako wana shida nyingine kabla ya magari ya umeme, na atakuwa na haki. Sina hamu ya kuona mashine inayong'aa pembeni mwa barabara ambayo mama lishe anaitumia kuanikia kanga. Lakini treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na haikusubiri mtu amalize shida zake. Bajaji za umeme zipo Dar es Salaam. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi. Mitumba tunayoagiza itakuwa ya umeme kwa kuwa huko inakotoka ndiyo itakayokuwa inauzwa, tutake tusitake. Shemeji hakununua Leaf kwa kupenda mazingira. Aliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Tulirudi Makambako jioni. Njia ya kurudi inateremka, kwa hiyo safari hii shemeji aliongea njia nzima. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye misonobari, na wanawake wawili walikuwa wanapakia ndoo za viazi chini ya taa ya duka. Tulifika na asilimia 41. Soketi ya buluu ilikuwa imekamilika ukutani, na chini yake mstari wa udongo mpya ulikuwa unaukata ua kutoka kwenye boksi la mita hadi maegeshoni. Tulichomeka. Niliamka mara mbili usiku kwenda kuishika plagi. Ilikuwa baridi.

Basi ombi langu ni kwa wanaochora ramani za stendi, za maegesho ya malori, za magati na hata za nyua za gesti. Kabla hamjamwaga zege wala kupanga pevingi, lazeni chini bomba tupu la plastiki kutoka penye mita hadi penye maegesho, mlizibe midomo yake, mliache. Magari yakija mtapitisha waya. Makambako kazi hiyo iliwachukua mafundi wawili siku nzima, na vipande kumi na saba vya pevingi ya mama havikurudi vizima.